Martin Kayamba: Kurudi Tanga Kutoka London

Wengi wetu humpima msafiri kwa umbali aliokwenda. Martin Kayamba twapenda kumpima kwa namna alivyorudi.

Alizaliwa mwaka 1891 Mbweni, Unguja, katika ukoo wa Kibondei uliolelewa na misheni ya Kianglikana, akasoma Kiungani. Hakuwa wa Kanisa letu Katoliki, lakini ni mtu wa pwani yetu, na Tanga ina haki ya kumkumbuka.

Kabla ya London alikwisha kurudi nyumbani mara moja, kwa uchungu. Vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliwashuku wasomi wa misheni za Kiingereza kuwa ni wapelelezi. Kayamba akafungwa Tabora, hata Wabelgiji walipoutwaa mji huo Septemba 1916. Baada ya kifungo aliingia ofisi ya serikali mjini Tanga, chini ya Waingereza, akapanda hadi kuwa karani mkuu. Mwaka 1922, mjini humo humo, aliongoza kuundwa kwa chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Ndani yake Wakristo na Waislamu walikaa pamoja, jambo ambalo sisi watu wa Tanga hatuna budi kulithamini.

Mwaka 1931 alipelekwa London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usiha na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya Kamati ya Bunge kuhusu shauri la kuziunganisha Tanganyika, Kenya na Uganda. Wajumbe wetu hawakuutaka muungano ule, kwa kuhofia sauti ya walowezi wa Kenya. Kamati nayo haikuupitisha.

Kisha wakarudi. Hapo ndipo ulipo ugumu ambao kila aliyekaa ugenini anaufahamu: macho yamezoea mambo mengine, na nyumbani wanangoja hadithi. Kayamba angeweza kuzimalizia barazani. Badala yake aliandika, tena kwa Kiswahili, ili asome hata yule ambaye hatapanda meli kamwe. Kitabu chake, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*, kilichapwa mwaka 1932. Jina lenyewe limo katika wingi. Hakujisimulia peke yake.

Tukiri kwamba aliwastahi Waingereza kupita kiasi, na msomaji wa leo atachoshwa na sifa hizo. Hata hivyo tusisahau alirudia hali gani. Mtu aliyesikilizwa na wabunge London alirejea kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, ambamo juu yake walikaa wageni. Aliitwa Dar es Salaam, makao makuu ya serikali, akapewa cheo ambacho Waafrika wachache mno walikifikia wakati ule, naye akaendelea kuandika, safari hii kwa Kiingereza, juu ya matatizo ya Waafrika. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1948, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki.