ALIAMBIWA AMEKWISHA!

Kijana, umewahi kuambiwa huna maana? Labda umefeli mtihani. Labda umezunguka kutafuta kazi mpaka soli ya kiatu imetoboka, na kila mlango unaambiwa njoo kesho. Labda hata nyumbani wameshakukatia tamaa. Basi usiitupe karatasi hii. Kaa kidogo nikusimulie habari za mtu aliyeambiwa amekwisha, halafu akafanya kazi miaka 28 zaidi!

Mtu huyo ni Amos Alonzo Stagg, kocha wa mpira wa Kimarekani. Usifikiri ni soka hii yetu. Kule mpira wenyewe umechongoka pande mbili. Mchezaji anaukumbatia na kukimbia nao, na wapinzani wanamrukia na kumbwaga chini. Timu inapewa nafasi nne za kusogea mbele yadi kumi. Ikishindwa, inawaachia wenzake. Ni mchezo wa kuumizana, na ndani yake kuna majaribu mengi.

MTOTO WA FUNDI VIATU

Stagg alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862, West Orange, jimbo la New Jersey. Baba yake alikuwa fundi viatu, na watoto nyumbani walikuwa wanane. Yeye alikuwa wa tano. Hela hakuna! Lakini alikazana na shule mpaka akafika Chuo Kikuu cha Yale, akiwa na nia moja: awe mchungaji. Maisha ya pale yalikuwa ya kubana kwelikweli. Chumba chake hakikuwa na moto wa kuotea wakati wa baridi, na chakula alikipunguza mpaka akaugua kwa njaa.

Sasa sikiliza. Kijana huyuhuyu mwenye njaa alikuwa mrushaji hodari wa besiboli. Timu za kulipwa zikamfuata na pesa nyingi. Wewe ungefanyaje? Stagg alikataa. Alikuwa anakipenda chuo chake, na viwanja vya besiboli ya kulipwa vya siku zile vilikuwa na baa ndani yake. Alijua pombe inavyowamaliza vijana. Akabaki na njaa yake na dhamiri yake.

MDOMO ULIGOMA

Mwaka 1888 alimaliza masomo ya kwanza, akaendelea na masomo ya dini palepale Yale. Mwaka 1889 alichaguliwa katika timu ya kwanza kabisa ya wachezaji bora wa Marekani nzima. Uwanjani alikuwa simba. Lakini mimbarani, kumbe, maneno hayatoki! Akasimama mbele ya watu akaona kabisa kwamba hana kipawa cha kuhubiri.

Hebu fikiri. Ndoto uliyoitunza tangu ujana, uliyoilalia njaa, imekufa mbele ya macho yako. Wengi hapo ndipo wanapoanza kunywa. Stagg hakufanya hivyo. Alijiuliza: kama mdomo haufai, je, mikono na miguu? Akaamua kwamba mimbari yake itakuwa uwanja. Mwaka 1890 akaenda Springfield, Massachusetts, kwenye chuo cha YMCA, kufundisha vijana. Hapo ndipo mwenzake James Naismith alipobuni mpira wa kikapu, mwaka 1891. Katika mechi ya kwanza mbele ya watu, Machi 1892, walimu walifungwa na wanafunzi 5–1. Ile moja ya walimu aliifunga Stagg.

MIAKA 41 CHICAGO

Mwaka huohuo wa 1892, William Rainey Harper, aliyekuwa mwalimu wake Yale, alimwita kwenye Chuo Kikuu kipya cha Chicago. Wachezaji walikuwa wachache hata kocha mwenyewe ikabidi aingie kucheza! Akakaa hapo misimu 41. Timu yake ilitwaa ubingwa wa ligi mara saba. Mwaka 1905 waliifunga Michigan 2–0, na Michigan walikuwa wamecheza mechi 56 bila kushindwa hata moja.

Wachezaji wake hawakuruhusiwa sigara wala pombe. Matusi hakuyatumia. Akikasirika sana, alimwita mchezaji punda, basi! Mke wake Stella, waliyeoana mwaka 1894, alikaa jukwaani akiandika jinsi wapinzani wanavyocheza, halafu usiku wanasoma pamoja.

MECHI ALIYOKUBALI KUSHINDWA

Oktoba 1922 Princeton walikuja Chicago. Kipindi cha mwisho kinaanza, Chicago wanaongoza 18–7. Halafu mambo yakageuka! Princeton wakafunga, wakafunga tena: 21–18. Zimebaki dakika chache, Chicago wakapambana mpaka karibu kabisa na mstari. Kila mtu amesimama. Wote wanajua Chicago watapita katikati kwa nguvu, na Princeton wamejazana hapohapo katikati.

Msaidizi wake akamsihi aingize mchezaji wa akiba apeleke ujumbe: msipite katikati, rusheni mpira pembeni. Lakini taratibu za mchezo wakati ule zilikuwa hazipendi kocha atume maagizo kwa njia hiyo, na Stagg mwenyewe alikuwa mjumbe wa kamati ya sheria. Nani angemkamata? Pengine hakuna. Stagg akakataa. Vijana wake wakapita katikati, wakazuiwa, mechi ikaisha.

Alishindwa, tena mbele ya watu wake, kwenye uwanja wenye jina lake! Ilikuwa ndiyo mechi pekee waliyofungwa msimu ule. Hakuna malaika aliyeshuka kubadilisha matokeo. Uaminifu una gharama, kijana, usidanganywe na mtu. Stagg aliilipa gharama hiyo, na keshoyake akaweza kuwatazama vijana wake usoni.

MIAKA 70: NENDA NYUMBANI!

Mwaka 1932 chuo kikamwambia umri umefika, astaafu. Wakampa nafasi nyingine ya heshima, lakini bila timu. Mzee akakataa. Akafunga mizigo, akavuka Marekani mpaka Stockton, California, kwenye chuo kidogo cha College of the Pacific. Akaanza upya mwaka 1933, na safari hii alifungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda. Hakuona aibu. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka wa Marekani! Na Chicago je? Timu ile waliyomwondoa walishaifuta mwaka 1939, ikarudi miaka mingi baadaye.

Baada ya msimu wa 1946 akaambiwa tena: mzee, pumzika. Akaenda Pennsylvania kumsaidia mwanawe, ambaye naye alikuwa kocha, mpaka mwaka 1952. Kisha akarudi Stockton kufundisha vijana wa chuo kingine kupiga mpira kwa mguu. Aliacha mwaka 1960, akiwa na miaka 98. Stella alifariki mwaka 1964. Yeye akamfuata tarehe 17 Machi 1965, akiwa na miaka 102. Ushindi 314 umeandikwa kwa jina lake.

NA WEWE JE?

Stagg hakupata alichokitaka kwanza. Mimbari ilimkataa. Lakini vijana aliowalea kwa miaka 70 ni wengi kuliko ambao makanisa mengi yangeweza kuwabeba. Mlango mmoja ukifungwa, usikae kwenye ngazi ukilia mpaka usiku. Una nini mkononi? Miguu? Sauti? Ufundi kidogo? Anzia hapo.

Na yule anayekuambia umekwisha, mwulize: nani amemwonyesha kalenda yako? Una miaka 18, una miaka 20, halafu unasema umechelewa? Mzee wa miaka 98 alikuwa bado yuko uwanjani anaokota mpira. Inuka, kijana!