Hugh Tracey na Sauti za Kapkatet

Jina la Hugh Tracey si geni kwa wapenzi wa muziki wa asili, ila ni wachache wakumbukao kwamba bwana huyu alifika hata kwenye nchi ya majani chai ya Kericho. Mimi ni mtu wa pwani, na kwetu santuri ni jambo la zamani. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi tangu mwaka 1928. Basi namtazama Tracey kwa macho mawili, moja la shukurani na la pili la kudai.

Alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903. Angali kijana akenda Rhodesia ya Kusini kulima tumbaku na nduguye. Shambani akajifunza lugha ya vibarua na nyimbo zao, na tumbaku ikamtoka moyoni. Mwaka 1929 aliwachukua vijana wa Kikaranga hadi Johannesburg wakarekodiwe. Wazungu wenziwe wengi waliziona nyimbo hizo makelele. Yeye alishikilia kuwa ni fani yenye kanuni zake, na mwaka 1948 akatoa kitabu juu ya Wachopi wa Msumbiji na marimba zao.

Mwaka 1950 akafika Kapkatet, kwenye njia ya kutoka Kericho kwenda Sotik. Wakipsigis walikuwa wamekwisha kusikia santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Jina lake lilipopita ndimini mwao likawa Chemirocha, na mwenyewe akageuzwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Wasichana, miongoni mwao Chemutoi Ketienya, walimwimbia kwa mlio wa chepkong, kinanda chao cha nyuzi, wakimwalika acheze nao, aruke hata nguo zimtoke. Maiti wa miaka 17 anaalikwa ngomani! Tracey akazinasa sauti hizo, akenda zake.

Hapo ndipo penye dai langu. Sauti zilikwenda Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Roodepoort, karibu na Johannesburg, mwaka 1954. Akazitoa pamoja na za mataifa mengine katika santuri zaidi ya 200, zikasomwa na wataalamu wa mbali. Wenyewe wakabaki na chai yao. Sisemi kuwa aliiba. Pengine bila yeye tusingekuwa na hata cha kugombania. Lakini amana ni ya kurejeshwa, naye alifariki Oktoba 1977 kabla Kapkatet haijarejeshewa yake.

Mwaka uliofuata maktaba ikahamia Grahamstown, kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes. Ni maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, iliyozirudisha nyimbo kwa Wakipsigis mnamo 2014 na 2015. Mmoja wa wapigaji wa mwaka 1950 alikuwa angali hai, mzee wa zaidi ya miaka themanini, akajisikia mwenyewe akiimba ujanani.