Kardinali Laurean Rugambwa

Mtumishi huyu wa Kanisa Katoliki alikuwa jirani yetu. Alizaliwa mwaka 1912 kijijini Bukongo, katika Wilaya ya Muleba ya leo, akapewa upadre mwaka 1943. Mwaka 1960, akiwa Askofu wa Rutabo, alifanywa Kardinali, Mwafrika wa kwanza katika nyakati hizi. Wengi hukumbuka cheo hicho tu. Lakini alipokuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, tangu 1968, alianzisha shirika la masista, na hospitali huko Ukonga ambayo sasa ina jina lake. Homa haiulizi dhehebu! Bukoba nako shule ya sekondari ya wasichana inaitwa Rugambwa. Alifariki mwaka 1997, akazikwa Kashozi kwa muda, maana Kanisa Kuu la Bukoba lilikuwa likitengenezwa. Alihamishiwa humo mwaka 2012.