Perpetua na Jina Lake

Pengine hakuna parokia katika nchi hii isiyokuwa na Perpetua wake. Ni bibi mwenye wajukuu, au ni mwalimu wa shule, au ni mtoto aliyebatizwa Pasaka iliyopita. Tunamwita kila siku wala hatuulizi jina hilo lilitoka wapi. Wako hata wasemao kwamba ni jina la Kizungu, lililokuja merikebuni pamoja na mapadre wa kwanza, na kwamba Mwafrika angefanya vema kuliacha. Neno hilo lastahili jibu. Na jibu lenyewe ni maisha ya mwanamke mmoja aliyeuawa katika bara hili letu la Afrika mwaka 203, akiwa na umri wa miaka 22 hivi.

Neno perpetua ni la Kilatini. Maana yake ni kitu kisichokatika, kiendeleacho daima bila kikomo. Wazee wetu waliozoea Misa ya Kilatini wamelisikia mara nyingi mbele ya jeneza, labda bila kujua: katika sala ile tunayowaombea marehemu mwanga wa milele, hilo la milele kwa Kilatini ndilo perpetua. Jina la ukoo wa mwanamke huyu lilikuwa Vibia. Wazazi wake walikuwa watu wa heshima, wakamsomesha vizuri kuliko wasichana wengi wa zamani zile, kisha wakamwoza kwa ndoa ya halali. Habari zake zinatoka Kartago, mji mkuu wa jimbo la Afrika katika dola ya Kirumi, karibu na Tunis ya leo. Kaisari wa siku zile alikuwa Septimius Severus, naye mwenyewe mzaliwa wa Afrika, wa mji wa Leptis Magna katika Libya ya sasa. Kwa hiyo mfalme aliyetawala wauaji alikuwa Mwafrika, na waliouawa walikuwa Waafrika. Wazungu katika habari hii ni wachache kuliko tunavyodhani.

Perpetua alikuwa bado katekumeni alipokamatwa. Pamoja naye walikamatwa Saturninus na Secundulus, na watumwa wawili, Revocatus na Felisita. Mwalimu wao wa dini, Saturus, hakuwapo siku ile. Aliposikia, akajitoa mwenyewe ili asiwaache wanafunzi wake peke yao. Perpetua alikuwa na mtoto mchanga wa kiume, bado ananyonya. Mumewe hamtaji hata mara moja katika maandishi yake. Maana twapaswa kujua kwamba mwanamke huyu aliandika. Kifungoni alitia habari zake katika maandishi kwa mkono wake, mpaka siku ya kuamkia kifo, akawaachia wengine waandike yatakayotokea uwanjani. Maandishi hayo tunayo hata leo, nayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristu yaliyosalia duniani.

Mwanzoni kabisa ametia habari ya jina. Baba yake, asiyekuwa Mkristu, alimjia akamsihi aiache imani. Palikuwa na mtungi chini. Perpetua akamwonyesha, akamwuliza kama chombo kile chaweza kuitwa kwa jina lingine lisilokuwa lake. Mzee akajibu kwamba haiwezekani. Ndipo binti akasema kwamba hata yeye hawezi kujiita kitu kingine ila alivyo, yaani Mkristu. Neno hilo lilimchoma baba hata akamrukia kama anayetaka kumng'oa macho, kisha akaenda zake ameshindwa. Siku chache baadaye Perpetua alibatizwa pamoja na wenzake.

Gereza lilimtisha, wala hakulificha jambo hilo. Hajapata kuona giza kama lile. Palikuwa na joto la msongamano wa watu, na askari wenye kudai fedha, na juu ya yote hofu ya mtoto, aliyekuwa akizimia kwa njaa. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, waliwalipa askari ili wafungwa watolewe saa chache mahali penye nafuu. Hapo akamnyonyesha. Baadaye akapata ruhusa ya kukaa naye gerezani, na mara moyo wake ukatulia, gereza likawa kwake kama jumba la kifalme. Mama yeyote aliyelaza mtoto mgonjwa hospitalini ataelewa mara moja maneno hayo bila kufafanuliwa na padre.

Baba akarudi. Safari hii hakuja kwa hasira. Alimwomba azihurumie mvi zake. Akamkumbusha kwamba alimpenda kuliko ndugu zake wote wa kiume. Akamtajia mama yake, na ndugu wa kike wa mama yake, na mtoto asiyeweza kuishi bila yeye. Akambusu mikono, akajitupa miguuni pake, na huku akilia akaacha kumwita binti, akamwita bibi, kama mtumwa amwitavyo mwenye nyumba. Siku ya hukumu alikuja tena mbele ya watu wote, amembeba mtoto. Liwali Hilarianus alimtaka Perpetua atoe sadaka kwa ajili ya uzima wa Makaisari. Akakataa. Alipoulizwa kama ni Mkristu, akakiri. Na kwa kuwa mzee aliendelea kumvuta binti yake, liwali akaamuru apigwe fimbo. Perpetua ameandika kwamba fimbo ile ilimwuma kana kwamba amepigwa yeye. Kisha wote wakahukumiwa kutupwa kwa wanyama wakali. Alipotuma watu wamletee mtoto, baba alikataa kumtoa; lakini tangu siku ile mtoto hakulilia tena maziwa, wala mama hakuumwa na matiti.

Sisi hatumhesabu mzee huyu kuwa mtu mwovu. Wahubiri wengine humfanya kuwa chombo cha shetani, wakapita haraka. Lakini binti mwenyewe hakumchukia: alimwonea uchungu kwa uzee wake wenye taabu, na kwa kuwa yeye peke yake katika jamaa hataweza kufurahia mateso yake. Katika Afrika amri ya kumheshimu baba na mama haihitaji kufundishwa sana. Tumeinyonya kwa mama zetu. Hata hivyo masista wetu wa kwanza wenyeji, wengi wao, walilazimika kupita mlango huo huo, baba amesimama kizingitini akilia au akifoka, akidai binti aolewe. Hawakumdharau baba. Walimpenda, na wakaenda. Kumtii Mungu kuliko watu ni neno jepesi kulitamka mimbarini. Perpetua aliligharimia kwa machozi ya mzee aliyempenda kuliko watu wote.

Gerezani aliona njozi. Aliona ngazi ya shaba iliyofika mbinguni, pande zote mbili zimejaa mapanga na mikuki, na joka limelala chini yake. Akalikanyaga kichwa kama daraja la kwanza, akapanda. Siku nyingine, katikati ya sala, likamtoka ghafula jina la mdogo wake, Dinocrates, aliyekufa akiwa na miaka 7 kwa donda la uso. Alishangaa, maana hakuwa amemkumbuka. Akamwona mahali pa giza, mwenye kiu, na kisima cha maji kimemzidi kimo. Akamwombea usiku na mchana. Akamwona tena, safi, donda limebaki kovu tu, anakunywa na kucheza kama watoto wachezavyo. Jamaa zinazotoa nia za Misa kwa marehemu wao zijue basi kwamba desturi hiyo haikuanza jana.

Lakini hatuwezi kumsimulia Perpetua bila Felisita. Jina hili nalo ni la Kilatini, Felicitas, maana yake heri, furaha, bahati njema. Mabwana wa Kirumi walipenda kuwapa watumwa wao majina ya namna hiyo, jambo ambalo latusikitisha: mtu amenyimwa heri yote, akaitwa Heri. Felisita alikuwa na mimba ya miezi 8, na sheria ilikataza kumwua mwenye mimba. Aliogopa kubaki nyuma, auawe baadaye katikati ya wahalifu. Siku ya tatu kabla ya michezo wenzake wakamwombea, na mara uchungu ukamshika. Mlinzi mmoja alipomsikia akilia, akamdhihaki, kwamba kama analia sasa atafanya nini mbele ya wanyama. Akajibu kwamba sasa anateseka mwenyewe, lakini kule atakuwamo Mwingine ndani yake wa kuteseka kwa ajili yake, kwa kuwa naye atateseka kwa ajili ya Huyo. Akazaa mtoto wa kike, na mwanamke mmoja Mkristu akamchukua kumlea kama wake.

Michezo ilifanywa tarehe 7 Machi, kuadhimisha siku ya kuzaliwa Geta, mwana wa Kaisari. Secundulus alikuwa amekwisha kufa gerezani. Langoni walitaka kuwavika mavazi ya makuhani wa miungu; Perpetua akakataa, akisema kwamba walichagua kufa ndiyo kusudi wasifanye mambo kama hayo, na mkuu wa askari akakubali. Kwa wanawake hao wawili walikuwa wameweka ng'ombe jike mkali. Perpetua akarushwa, akaanguka. Akaivuta kanzu iliyopasuka ajisitiri, akatafuta kibanio akafunga nywele zake, maana nywele zilizofumuka ni alama ya msiba, naye hakuwa msibani. Kisha akamwona Felisita yupo chini, akamwendea, akampa mkono, akamwinua. Binti wa jamaa ya heshima na mtumwa wakasimama pamoja mbele ya mji mzima. Mwishoni wote wakapeana busu la amani, wakauawa kwa upanga. Aliyepewa kumwua Perpetua alikuwa kijana asiyezoea kazi. Mkono ulimtetemeka, pigo la kwanza likagonga mfupa. Perpetua mwenyewe akauongoza mkono ule hadi kooni pake.

Miaka 200 baadaye Mtakatifu Agustino alihubiri katika sikukuu yao, akayashika majina yao mawili na kuyaunganisha: la kwanza ni daima, la pili ni heri, na yakiwekwa pamoja yanataja lile ambalo mashahidi wote waliliteseka, yaani heri ya daima. Katika Sala ya Ekaristi ya kwanza wote wawili hutajwa mpaka leo, na atanguliaye ni Felisita, mtumwa. Kwa ajabu yake tuongeze jambo dogo. Mwandishi Mwitalia, Alessandro Manzoni, katika riwaya yake maarufu iliyotoka mwaka 1827, alimpa mtumishi wa padre jina la Perpetua, mwanamke mwenye maneno mengi. Tangu hapo Waitalia humwita kila mtunza nyumba wa padre perpetua. Twadhani shahidi mwenyewe hakukasirika.

Jina likafikaje kwetu? Kalenda ya Kanisa ingalitosha kulileta. Lakini kuna njia nyingine tusiyopaswa kuisahau. Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers aliunda shirika la Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, mwaka 1868. Mwaka 1878 wa kwanza wao walipita Bagamoyo wakafika Tabora. Lavigerie huyo ndiye aliyewekwa kuwa Askofu Mkuu wa Kartago mwaka 1884. Na padre wa shirika hilo, Alfred-Louis Delattre, aliyechimba magofu ya Kartago miaka mingi, aliyavumbua mwanzoni mwa karne ya 20 mabaki ya basilika ya kale, na humo vipande vya jiwe vyenye majina ya mashahidi hawa. Ndiyo kusema, wapo waliotubatiza ambao ndugu zao wa shirika walikuwa wakiokota jina la Perpetua mavumbini mwa Afrika.

Kwa wenzetu wasemao jina ni la Kizungu tunakubali jambo moja: Kilatini kilikuwa lugha ya watawala. Kartago palikuwa na Kipuni, lugha ya wenyeji, na majina yake. Msomi mmoja mpagani, Maximus wa Madaura, alimwandikia Agustino akiwacheka mashahidi wenye majina ya Kipuni, kama Namphamo. Agustino akamkemea: yawaje Mwafrika, anayewaandikia Waafrika, ayacheke majina ya Kiafrika? Akamweleza kwamba Namphamo maana yake ni mtu mwenye mguu mwema, yaani ajaye na heri. Hilo ni karibu sawa na Felisita, na karibu sawa na Bahati wetu. Basi karipio hilo lapiga pande mbili. Lampiga adhaniye Perpetua si wa Afrika, na lampiga pia mwenye kukunja uso Neema au Tumaini anapoletwa kwenye kisima cha ubatizo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, yawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba mtoto asipewe jina lisilopatana na roho ya Kikristu.

Tangu matengenezo ya kalenda ya mwaka 1969 sikukuu ya Perpetua na Felisita imerudi siku yake ya asili, tarehe 7 Machi, nayo kwa kawaida huangukia katika Kwaresima. Wazazi wenye mabinti wa majina hayo, pamoja na wale tuliozoea kuwaita Felista, wawalete Misa asubuhi hiyo kabla ya shule. Na jioni, wakiisha kula, wawasimulie habari ya mtungi.