Tom Mboya hakungoja uzee

Watu mashuhuri wa nchi zetu wana ada ya kungoja. Mwanasiasa hungoja astaafu, mchezaji hungoja magoti yamshinde, mwimbaji hungoja sauti imkauke, ndipo aseme kwamba sasa atakaa kitako aandike habari za maisha yake. Wengi ajali huwatangulia. Huzikwa na yao kifuani, nasi tuliobaki tukaokota makombo kwa wapambe wao na mahasimu wao.

Marehemu Thomas Joseph Mboya hakungoja. Kitabu chake cha maisha, Freedom and After, kilitolewa London mwaka 1963, mwaka aliotimiza umri wa miaka 33. Ni umri ambao wengi wetu huwa ndio kwanza twatafuta njia. Miaka 6 baadaye aliuawa. Basi na tuyapitie maisha yake, tuone yale aliyowahi kuyaandika na yale yaliyompita.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake walikuwa watu wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, na babake alikuwa nyapara katika shamba hilo la Mzungu. Kwa hiyo mtoto alikulia miongoni mwa Wakamba, Wakikuyu na watu wa makabila mengine, akazoea lugha zao pamoja na Kiswahili. Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki: Kabaa katika Ukambani, Yala katika Nyanza, kisha Mang'u. Karo ilipokosekana aliacha masomo, na mwaka 1948 akaingia Jeanes School, Kabete, kusomea kazi ya bwana afya.

BWANA AFYA WA ZIWANI

Baraza la Jiji la Nairobi lilimwajiri, naye akawa mkazi wa Ziwani. Mitaa ya Eastlands ya siku hizo, kama Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Makongeni na Bahati, ndiyo serikali ya kikoloni iliyowatengea Waafrika, mbali na bustani za Wazungu upande wa magharibi. Chumba kimoja kililaza watu wengi, na mtu alihitaji kibali hata kukaa mjini. Kijana aliyepewa kazi ya kukagua usafi wa mji alirudi jioni kulala penye msongamano na dhiki.

Kazini aliona kwamba Mwafrika mwenye ujuzi ule ule alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu. Siku moja mwanamke wa Kizungu aliingia ofisini na chupa ya maziwa ya kupimwa. Alimkuta Mboya peke yake, akatazama huku na huku, akauliza kama humo ndani hamna mtu. Kisa hiki kidogo hakimo katika faili la serikali wala katika gazeti la siku ile. Tunakijua kwa kuwa mwenyewe alikiandika wakati jeraha lilikuwa bado bichi. Laiti angesubiri miaka 40, huenda angekiona si kitu.

Mwaka 1952 alianzisha chama cha wafanyakazi wa mabaraza ya miji na wilaya, na mwaka uliofuata akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi, KFL. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Chama cha KAU kilikwisha kupigwa marufuku na viongozi wake wamo gerezani. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Anvil, wakaivamia mitaa ya Waafrika, wakachukua maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kuwapeleka kambini, na miongoni mwao wakuu wa vyama vya wafanyakazi. Mboya alibaki kuwa mmoja wa wachache walioweza kusema kwa niaba ya Mwafrika, naye akapeleka malalamiko mpaka ng'ambo. Sisi watu wa pwani twamkumbuka pia kwa mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa wa mwaka 1955, aliposimama kati ya makuli na waajiri mpaka mshahara ukapanda.

Baada ya kusoma Ruskin College, Oxford, alirejea na kugombea kiti cha Nairobi mwezi Machi 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Alimshinda wakili Argwings-Kodhek. Mwezi Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza mkutano wa Waafrika wote uliofanywa Accra. Mwaka 1959 ndege iliyokodishwa kwa juhudi zake na za rafiki zake wa Marekani ilichukua wanafunzi 81 kwenda kusoma huko, na nyingine zikafuata. Katika uchaguzi wa mwaka 1961 alisimama Nairobi Mashariki. Wapigakura wengi walikuwa Wakikuyu, na mpinzani wake, Dakta Munyua Waiyaki, alikuwa Mkikuyu. Hata hivyo watu wa Eastlands walimchagua Mboya kwa kura nyingi mno.

KALAMU ILIPOISHIA

Hapo ndipo kitabu chake kinapofika. Shamba la mkonge limo, ofisi ya bwana afya imo, vyama vya wafanyakazi vimo, ndege za wanafunzi zimo. Sehemu kubwa iliyobaki ni mawazo yake kuhusu namna ya kuendesha nchi iliyo huru. Kina kasoro ya vitabu vya namna hiyo, nayo ni kwamba mwandishi aliye bado uwanjani hupima maneno, maana kesho atakutana na hao hao anaowaandika.

Lakini yaliyo mazito yalikuja baada ya wino kukauka. Mwaka 1965, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, alikuwa mstari wa mbele kuitetea ile Karatasi Nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika, ambayo wasomi hawajaacha kuizozania. Mwezi Machi 1966 alikuwa mmoja wa wapangaji wakuu wa mkutano wa KANU wa Limuru uliomng'oa Jaramogi Oginga Odinga katika umakamu wa chama. Mwaka uliofuata Odinga alitoa kitabu chake, Not Yet Uhuru, akaeleza upande wake. Upande wa Mboya haukuandikwa na Mboya.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba mchana hivi, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa katika barabara ya Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo, na maswali kuhusu waliomtuma yakabaki. Mwaka 1970 ilitolewa The Challenge of Nationhood, lakini hiyo ni mikusanyo ya hotuba na makala zake. Hotuba husemwa mbele ya watu, na mtu husema mengine anapokaa peke yake na kalamu.

Kuna watakaosema kwamba dawa ni kungoja mpaka hasira zipoe. Bildad Kaggia, naye mtu wa vyama vya wafanyakazi vya Nairobi, alitoa Roots of Freedom mwaka 1975, miaka 12 baada ya Uhuru. Hata hivyo habari zake aliziishiza mwaka 1963, ingawa alikuwa na mengi ya kusema juu ya yaliyofuata. Umri peke yake haufungui kinywa.

Sisi wa Kiswahili tunao mfano ulio bora. Sheikh Shaaban Robert aliandika Maisha Yangu, kisha akaongeza Baada ya Miaka Hamsini. Alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53. Lau angengoja miaka 70, tusingepata hata ukurasa. Yeye aliandika kituo kwa kituo, kama msafiri wa jahazi anayeandika kila bandari anayotia nanga.

Hiyo ndiyo njia. Mtu aandike kila awamu inapokwisha, mashahidi wakiwa hai wa kumsahihisha, na yale ya hatari ayafunge katika bahasha awape warithi. Mboya aliifunga vyema awamu yake ya kwanza, na kwa hilo tunamshukuru. Awamu ya pili, ile ya uwaziri, Limuru na hofu ya siku zake za mwisho, hakuijalia kalamu. Tangu mwaka 2011 sanamu yake imesimama Moi Avenue, karibu na mahali alipoangukia. Wapitao hapo kutoka Ziwani na Kaloleni huitazama wakajiuliza nani alimtuma yule muuaji, na kwa nini. Pengine hata yeye hakujua. Lakini aliyoyashuku alikuwa nayo, na hayo hakuna wa kutuandikia.