Robert Bruce, munganga aliyepima moyo ukiwa kazini

Moyo unaweza kupiga vizuri wakati mgonjwa amelala kitandani, kisha ukapoteza mpango wake pale anapopanda mlima ao kubeba mzigo. Munganga Mmarekani Robert Bruce alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta namna ya kugundua hatari hiyo mapema.

Bruce alizaliwa tarehe 20 Novemba 1916 huko Somerville, katika jimbo la Massachusetts. Alipata shahada ya uganga katika Chuo Kikuu cha Rochester mwaka wa 1943. Mwaka wa 1950 alihamia Seattle, akawa kiongozi wa kwanza wa kitengo cha magonjwa ya moyo katika Chuo Kikuu cha Washington.

Wakati huo waganga wengi walitumia jaribio la Arthur Master, la mwaka wa 1929. Mgonjwa alipanda na kushuka ngazi mbili, kisha akalala ili moyo wake upimwe. Yaliyotokea akiwa anapanda hayakuonekana.

Bruce alimtembeza mgonjwa juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, nyaya za kupima umeme wa moyo zikiwa kifuani. Utaratibu wake uliojulikana sana ulitolewa mwaka wa 1963. Mgonjwa anaanza na mwendo wa kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10. Kila dakika tatu, mwendo na mwinuko vinaongezwa. Akiumwa kifua, presha yake ikishuka ao mapigo yakiharibika vibaya, mashine inasimamishwa.

Jaribio lenyewe lina hatari, kwani moyo mgonjwa unaweza kusimama. Mwaka wa 1971 Bruce na mwenzake waliandika kuhusu wagonjwa waliopatwa na jambo hilo wakati wa mazoezi, na namna ya kurudisha mapigo kwa mashine ya umeme. Ndiyo sababu munganga na mashine hiyo lazima wawe karibu.

Bruce alikufa mwezi wa Februari 2004, akiwa na miaka 87. Utaratibu wake ungali unatumiwa katika inchi nyingi. Unasaidia hata vijana wenye ugonjwa fulani wa kurithi: wakipumzika, kipimo kinaonyesha moyo mzima, wakikimbia, moyo unapiga ovyo, na wanaweza kuzimia ao kufa. Kijana anayezimia akiwa anacheza mpira anastahili kupimwa moyo, hata kama akiwa amekaa anaonekana mzima.