Maisha ya Cousteau yasomwe pamoja na baruti yake

Mtalii ashukaye baharini kule Watamu au Kisite, mtungi wa hewa mgongoni, aghalabu hamjui aliyemwezesha kuyatembelea matumbawe kama mtu atembeaye bustanini. Nasi walimu, tumtajapo Jacques-Yves Cousteau darasani, humsifu kwa uvumbuzi wake na mapenzi yake kwa bahari, kisha kengele ikalia. Naonelea kwamba tunairuka sehemu ya maisha yake iliyo na mafunzo mengi zaidi.

Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, Ufaransa. Alijiunga na jeshi la wanamaji akitumaini kuwa rubani, lakini mwaka 1936 ajali ya gari ilimvunja mikono, na tumaini hilo likakatika. Rafiki yake, Philippe Tailliez, alimhimiza aogelee ili apate nguvu. Siku alipovaa miwani na kutumbukiza uso majini karibu na Toulon, aliuona ulimwengu ambao hakuweza kuupa kisogo tena.

Shida ilikuwa pumzi. Mzamiaji wa zama hizo ama alibana pumzi kwa muda mfupi, ama alivaa kofia nzito ya chuma na kuvutiwa hewa kwa mpira kutoka melini, mithili ya mbuzi aliyefungwa kambani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Cousteau alikutana na mhandisi Émile Gagnan, aliyekuwa ameunda vali ya magari yaliyoendeshwa kwa gesi, maana petroli ilikuwa adimu. Wawili hao waliirekebisha vali hiyo impe mpiga mbizi hewa pale tu anapovuta pumzi, tena kwa nguvu inayolingana na shinikizo la maji yanayomzunguka. Walikijaribu kifaa hicho mwaka 1943, na ile kamba ya mbuzi ikakatwa.

Mwaka 1950 alipata Calypso, meli iliyowahi kutumiwa kusafisha mabomu ya baharini, akaikodi kwa tajiri Mwingereza kwa faranga moja tu kwa mwaka. Akazuru nayo Bahari ya Shamu, na Bahari ya Hindi hadi Ushelisheli. Filamu ya safari hizo, aliyoiongoza pamoja na Louis Malle, ilitwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956 na Oscar mwaka uliofuata.

Hapa ndipo pa kutua. Katika filamu hiyo hiyo, watu wa Calypso wanalipua baruti kwenye matumbawe ili wahesabu samaki. Tunaelezwa kuwa mvuvi afanyapo hivyo ni uharibifu, ila mtaalamu afanyapo ni sayansi. Mahali pengine rafadha ya meli inamjeruhi mtoto wa nyangumi. Papa wajapo kumla, mabaharia wanawavuta hadi sitahani na kuwaua kwa hasira, kana kwamba papa ndio waliomkata. Na huko Ushelisheli watu wazima wanawapanda kobe mgongoni, wakicheka.

Haya hayakutendwa na adui wa bahari. Yalitendwa na mpenzi wake mkubwa. Mvuvi wa Pwani akikamatwa na baruti hufikishwa mahakamani, nami simtetei. Cousteau alivishwa nishani.

Mwenyewe alibadilika, polepole. Mwaka 1960 alipinga mpango wa kutupa taka za nyuklia katika Bahari ya Kati. Mwaka 1963 bado aliota binadamu akiishi chini ya bahari: aliwaweka watu kwa mwezi mzima katika nyumba iliyojengwa chini ya maji huko Sha'ab Rumi, Sudan, ambako watalii bado huzamia kutazama mabaki yake. Lakini kila aliporejea mahali alipozamia ujanani alikuta samaki wamepungua, na mwaka 1973 akaanzisha chama cha kuitetea bahari. Mwanawe Philippe, msaidizi wake, alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1979. Mzee mwenyewe aliaga dunia jijini Paris tarehe 25 Juni 1997.

Filamu ile ingalipo. Mwalimu atakayeipata asiziruke dakika za baruti. Azionyeshe, kisha awaulize wanafunzi ni nani aliyempa Cousteau ruhusa.